Fundi Nurdin wa Sabufa za Chini ya Kiti Anarudi Newala

Kwanza salamu, maana mtu haingii kwa watu kimyakimya. Shikamoo mama yetu wa Newala, mama mzazi wa fundi wetu. Tunasikia magoti yanakusumbua, pole sana. Salamu kwa Mama Ziada, yaani Rahima, mke wake, aliyemsubiri nyumbani miaka yote tuliyokaa naye sisi. Salamu kwa Jafari, mdogo wake, anayemtunzia mikorosho. Salamu kwa Ziada mwenyewe na mumewe, na watoto wao, na huyo wa mwisho tuliyeambiwa ameanza kusimama bila kushikwa. Majirani wote wa msikitini na wa kanisani, hamjambo. Sisi huku Masasi wazima, ila vumbi na vikohozi vyake.

Fundi Nurdin Chitanda anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia gereji ya Bosi Bernard kwa miaka ishirini na sita. Anastaafu kwa hiari yake, na sababu ni masikio, hasa la kushoto. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu mwenyewe hataki linong'onwe, na hata tukinong'ona hatatusikia.

Bosi alinipa mimi kazi ya kuandika maneno haya kwa kuwa cherehani yangu na meza ya fundi vimetenganishwa na bati moja tu. Yeye akifungua kiti cha gari, mimi ndiye ninayekishona kirudi kama kilivyokuwa.

Alianza sokoni Newala, akitengeneza redio za kaseti za watu waliokuwa wanamlipa muhogo. Bosi Bernard alipofungua gereji alimfuata, akamwambia njoo Masasi, magari yameongezeka na yote yana redio mbovu. Akaja na begi moja na pasi yake ya kulehemu. Wakati huo kufunga muziki kwenye gari ilikuwa kuweka spika mbili mlangoni, basi, mtu anaondoka ameridhika.

Halafu zikaja sabufa. Wenye magari madogo hawakuwa na shida, boksi linakaa kwenye buti. Shida ilikuwa pikapu. Watu wetu wa korosho, wa huku na wa Tandahimba, wakivuna vizuri wananunua pikapu ya milango minne. Nyuma kunakaa magunia, ndani kunakaa watu, sasa boksi liende wapi? Mafundi wengine walikuwa wanaliweka juu ya kiti, abiria wanabanana nalo kama ndugu. Fundi Nurdin yeye alinyanyua kiti cha nyuma, akapiga goti, akachungulia chini yake kama mtu aliyeangusha shilingi. Akaona nafasi. Akachonga boksi jembamba, akalaza sabufa kifudifudi, akapitisha nyaya chini ya zulia, fyuzi akaiweka kule mbele karibu na betri ili gari la mtu lisije likaungua. Kiti kikishuka, huoni kitu. Unasikia tu besi, hujui inatoka wapi.

Mara ya kwanza alikosea. Jeki ilikuwa inakaa hukohuko chini ya kiti, yeye akaitoa, akaitupa nyuma kwenye bodi bila kumwambia mwenye gari. Yule bwana akapata pancha kwenye mteremko wa kutoka Newala, akapekua ndani ya gari kote na muziki unampigia. Tangu siku ile fundi haachii gari mpaka mwenye gari aitoe jeki kwa mikono yake, fundi akitazama, na kuirudisha. Hata awe mheshimiwa namna gani, atapiga magoti atoe jeki. Wengine walinuna. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Kupima boksi kama linavuja hewa alitumia unga wa muhogo. Ananyunyiza kidogo kwenye maungio, anawasha besi polepole, unga ukiruka mahali, hapo panavuja, anapaka gundi. Mimi nilikuwa namwambia, Baba Ziada, huo ni ugali wa watu. Yeye anajibu, "Huu ni ugali wa sabufa, Mama Oliva, nayo inakula."

Lakini jambo lililompa jina ni la wakwe. Huku kwetu kila mtu anajua, ukiwa na pikapu ya milango minne, kiti cha nyuma ni cha mama mkwe. Ndiye utakayempeleka arusini, msibani, hospitali. Sasa chini ya makalio ya mkwe wako umeweka ngoma! Kwa hiyo fundi hakupima besi kwa sikio la mwenye gari, maana huyo akishalipa anataka dunia itetemeke. Alikuwa ananiita mimi. "Mama Oliva, njoo uwe mkwe." Naacha cherehani, najifunga khanga vizuri, nakaa nyuma, nanyamaza kama mkwe anavyonyamaza. Khanga ikitikisika nanyanyua mkono, anapunguza. Isipotikisika gari linaondoka. Nimekuwa mkwe wa pikapu za wilaya nzima, na hakuna hata mmoja aliyeniletea kuku.

Mwaka jana mwezi wa tano nilikuwa shambani Chiwata, napalilia mikorosho. Siku hiyo fundi alimaliza pikapu ya Abrahamu, mfanyabiashara wa Nanganga, na kwa kuwa mkwe hayupo akapima mwenyewe. Abrahamu akaenda nayo. Jumapili yake akampakia mama mkwe wake kumleta Masasi kwenye kipaimara cha mjukuu, akawasha redio kidogo tu ili safari isiwe kimya. Besi ikapanda kutoka chini. Yule mama akavumilia, akavumilia, halafu akagonga kiti cha mbele akasema anashuka. Akashuka, akatembea kwa miguu kando ya lami na nguo zake za kanisani. Abrahamu angefanya nini? Mkwe hashikwi mkono, mkwe habishiwi. Akabaki anamfuata nyuma taratibu, taa za hatari zinawaka, kijiji kizima kimesimama kinatazama, mpaka mama alipopanda bodaboda akaenda zake.

Kesho yake, mimi nimesharudi kazini, Abrahamu alikuwa mlangoni kwetu hata hatujafagia. "Fundi, umenivunjia nyumba! Mama mkwe anasema nimemkalisha juu ya ngoma ya jando."

"Hebu nisikie," fundi akasema. Akawasha. Vikombe vya chai mezani kwangu vikaanza kucheza. Kelvin, fundi mwenzetu, akaushika mlango wa gari uache kulia. Fundi Nurdin akaingiza kichwa, akasikiliza, akakitoa. "Mbona muziki mdogo huu? Huyo mkwe wako ana lake jambo."

Abrahamu akanitazama, mimi nikamtazama Kelvin. Nikaenda nikakaa nyuma, nikamwambia kwa sauti, "Baba Ziada, khanga yangu inatembea." Akaja akaweka kiganja juu ya kiti. Akakiacha pale muda. Halafu akasema, "Kumbe ninyi mnasikia nini?"

Alipunguza besi siku ileile. Kisha akafanya jambo ambalo hakuagizwa na mtu. Alinunua khanga, akapanda gari na Kelvin mpaka kwa yule mama, akamwambia kosa si la mkweo, ni la mikono yangu. Kelvin anasema yule mama alimwangalia vizuri, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini, fundi akaitika ndiyo, na swali halikuwa la kujibiwa ndiyo. Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe si mkorofi. Wewe husikii. Nenda katibiwe." Khanga aliipokea. Abrahamu siku hizi anampakia mkwewe kama kawaida, ila redio anamwachia mama aseme iwashwe au isiwashwe.

Katibiwe. Hapo ndipo palipotushinda. Daktari wa masikio Mtwara amempangia siku mara mbili, na mara zote mbili fundi amekuta kuna gari la kumaliza. Kila gari lina haraka. Mimi nikamsema, Bosi akamsema, anacheka. Akiinamia boksi anaweka sikio la kulia karibu, lile lingine amelisamehe.

Aliyemaliza maneno ni Mama Ziada. Alipiga simu gerejini akaomba kuongea na mimi, si na mumewe. Akasema, "Mama Oliva, jana nimemwambia mbuzi wake mkubwa amekufa. Amenijibu, vizuri, mfungeni hapohapo." Tukacheka wote wawili, mimi na yeye, tukacheka mpaka sauti ikamgeuka. Akasema, "Mwambieni arudi angali ananisikia. Nimemsubiri miaka yote hii ili nije niongee na ukuta?"

Nilimpelekea maneno hayo kama yalivyo, nikiwa upande wa kulia. Fundi alimaliza kufunga kiti alichokuwa anakifunga, akanawa mikono, akaingia ofisini kwa Bosi Bernard. Alipotoka akatuambia mwisho wa mwezi wa sita. Msimu wa korosho utamkuta yuko kwake.

Kazi za sabufa sasa ziko mikononi mwa Kelvin, ambaye fundi amemfundisha kwa miaka na kumkaripia kwa miaka hiyohiyo. Mimi naendelea kuwa mkwe.

Fundi Nurdin, Bosi Bernard na gereji yote tunakushukuru. Umetufundisha kazi isiyoonekana lakini inayosikika safi, na umetuonyesha mtu mzima anavyokwenda kuomba radhi mwenyewe bila kumtuma mtoto. Mungu akupe uzee wenye afya, mikorosho isiyougua, na maneno mengi ya Mama Ziada, hata yale ya kugombeza, uyasikie yote.

Ila nina neno moja, na nalisema mbele ya watu wote ili usiweze kukataa. Daktari wa Mtwara amekupangia tena Jumanne ijayo. Safari hii hakuna gari la kumaliza. Mama Ziada ataongozana nawe, nimeshakubaliana naye. Daktari akikwambia sikio litapona, au akikwambia limekwisha na tulilinde lile moja, msisubiri kufika nyumbani. Simu yangu nitaiweka juu ya cherehani tangu asubuhi. Mtutumie neno siku hiyohiyo, mkiwa bado Mtwara, maana sisi huku hatutakula.

Ni mimi mwenzako wa upande wa pili wa bati,
Veridiana, Mama Oliva.