Sakafu ya Mabukwe: Maisha ya Fundi Japhet Niyongabo, 1973–2024

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, ni baba yetu Japhet Niyongabo, fundi wa bodi za magari. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1973 Kibondo, miezi michache baada ya wazazi wake kuvuka kutoka Burundi. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1982 hadi 1988. Hesabu alizipenda. Kuandika barua hakukupenda hata kidogo, na mama ni shahidi.

Mwaka 1990 alikuja Kasulu kujifunza ufundi kwa Mzee Abdalah. Kazi yake ya kwanza ilikuwa sakafu iliyoliwa na kutu kwenye gari la Mwalimu Mwanahawa. Mzee alimwambia, "Weka bati," akaenda kuswali. Bati alilolijua marehemu lilikuwa la kuezekea nyumba, basi akachomelea bati la migongo. Baada ya wiki Mwalimu alirudi amevua viatu.

"We Japhet, umenitandikia paa chini? Nimekandwa nyayo mpaka Kigoma!"

"Mzee alisema bati, Mwalimu."

Tangu siku hiyo aliitwa Bati Migongo, naye aliitika bila kununa. Lakini hakurudia kosa. Aligonga sakafu kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Penye sauti nzito alikata, hata mwenye gari alie. Kufunika kutu kwa bati jipya alikuita uongo.

Tarehe 9 Septemba 2000 alifunga ndoa na Kezia, aliyekuwa akiishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila na mama yake, Bibi Ndayikeza. Kambi ilipofungwa mwaka 2012, Bibi alirudi Burundi. Hakuwahi kuiona nyumba waliyojenga baadaye. Marehemu aliahidi kumfuata mpakani kwa gari lake, stesheni wagoni ya zamani yenye sakafu iliyotoboka. Mama alipomhimiza, alijibu, "Nimpakie mabukwe kwenye shimo? Mama mkwe wangu aone barabara katikati ya miguu yake? Hapana, Kezia. Buhoro buhoro, polepole tu." Magari ya wateja yakatangulia, miaka ikapita. Tuseme kweli: mama alimkasirikia kwa hilo, na alikuwa na haki.

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua. Ndipo alipolivua gari lake zulia. Mkono ulipokosa nguvu, alikaa kwenye kigoda akigonga, na Renatus, fundi mwenzake, akikata. "Bado limeoza. Kata tena." Tarehe 20 Oktoba mwaka huu walichomelea kipande cha mwisho, wakapiga rangi. Ilipokauka, alimwaga ndoo ya maji ndani, akainama kuchungulia chini. Safari ikapangwa Desemba.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini, mama akiwa amemshika mkono. Tulilia sana, na bado tunalia.

Ameacha mjane, Kezia. Watoto watatu, Aline, Hatungimana na Recho. Na mjukuu mmoja. Ameacha pia mabukwe. Juzi Renatus alilipeleka gari mpakani Mabamba kumchukua. Mvua iliwanyeshea njia nzima, madimbwi yakirusha maji chini ya gari. Bibi Ndayikeza aliposhuka mlangoni kwetu, tulimtazama miguu. Ilikuwa mikavu.

Pumzika kwa amani, Bati Migongo. Mabukwe amefika.