Mama Ukurasa Mmoja Anaiacha Kaunta

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkutubi wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kitambulisho chake kina jina refu la heshima, lakini katika kituo hiki cha utamaduni na utafiti wa Kifaransa, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, sote tunamwita Mama Ukurasa Mmoja.

Aliajiriwa kama mpiga chapa wa ofisi ya masomo. Kifaransa alijifunzia hapa hapa, darasa la jioni, akikaa dawati la mbele na wanafunzi wa rika la wadogo zake wa mwisho. Mtihani wa kwanza alianguka, wa pili pia. Wa tatu alipita. Mvumilivu hula mbivu, ingawa yeye husema mbivu yake ilikuwa imeshaanza kuoza.

Alipohamishiwa maktaba ya utafiti ghorofani, aliona jambo lililomuuma. Watafiti walikuja kutoka mbali, wakawahoji wakunga, mafundi na wachuuzi, wakaandika tasnifu nene kwa Kifaransa, wakaenda zao. Waliohojiwa hawakusikia tena lolote. Basi akaweka utaratibu wake: hupati barua ya kumaliza utafiti mpaka uache ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaowaeleza watu hao umeandika nini juu yao.

Wapo waliokuja juu. Profesa mmoja alimshtaki kwa mkurugenzi wa wakati huo, naye mkurugenzi akapanda ngazi amekunja uso. Mama alimpa kiti na kumwomba asubiri, kwa kuwa alikuwa na msomaji. Msomaji mwenyewe alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, anafuatisha kwa kidole ukurasa uliomhusu marehemu mama yake, mkunga. Aliusoma mara tatu, akaomba kalamu, akasahihisha: siku ya mafuriko mama yake alizalisha watoto sita, si wanne. Mkurugenzi alishuka, akamwambia profesa aandike. Profesa aliandika ukurasa wake, na Mama akamrudishia mara mbili.

Kurasa alizokusanya yeye mwenyewe ni mia nne na kumi na saba. Lakini utaratibu wenyewe haumo katika kanuni yoyote ya kituo. Ulikuwa kichwani mwake na usoni mwake, hasa usoni. Mwezi uliopita, tukinywa chai, alituambia kwamba haogopi kustaafu. Anaogopa kwamba akiondoka, na kurasa zitakoma. Siku hiyo hakumtania mtu, nasi tuliumia.

Jumatatu iliyopita, yeye akiwa likizo yake ya mwisho, mtafiti mmoja alifika kaunta akidai barua yake upesi, kwani alikuwa anapanda ndege kesho yake. Msaidizi wa Mama, ambaye ndiye mwandishi wa maneno haya na anajulikana kwa woga, alimsogezea mgeni karatasi nyeupe na kiti. Mgeni alinung'unika, akakaa, akaandika.

Mama, tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba aliyeulizwa ana haki ya kujibiwa. Nenda ukawalee wajukuu, siku zako ziwe nyingi na njema, na moyo wako utulie. Ukurasa wa mia nne na kumi na nane umo rafuni. Una makosa kidogo, lakini upo.