Penseli Ndani ya Debe la Unga

Asubuhi ile benchi la mbele ya duka la kinyozi lilikuwa na watu watatu na birika moja la kahawa, na Kinyozi mwenyewe hakuwa na raha. Jana mwalimu wa chekechea alimwita pembeni akamweleza kwamba bintiye anashika penseli kwa ngumi kama anayetwanga, na anakandamiza mpaka karatasi inachanika. Kinyozi, ambaye wembe wake unapita shingoni mwa mtu bila kumkwaruza, aliona aibu. Alimkalisha mtoto mezani, akambana vidole kwa nguvu, akamwandikisha mstari mzima wa herufi a. Mtoto akalia. Leo penseli haikuonekana, hadi mkewe alipoikuta ndani ya debe la unga.

Fundi Bomba, anayeziba mabomba ya mtaa mzima, alisema dawa ni kumpa mtoto spana afunge na kufungua nati wiki mbili, mkono upate adabu. Bwana Muhtasari, karani mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kufupisha jambo, alikataa. Kwake yeye kosa lilikuwa la penseli za siku hizi, nyembamba kama njiti. Akaeleza kwa kirefu kwamba mkono huo ufungwe mgongoni mwezi mzima, ukifunguliwa utakuwa na hamu ya kazi.

— Mwezi mzima atakula kwa mkono gani? aliuliza Kinyozi.

— Utamlisha. Si wewe babaye?

Fundi Bomba akaona bora vidole vizungushiwe kipande cha mpira wa bomba, tena anacho nyumbani. Kinyozi akachoka nao. Akamwomba Bwana Muhtasari achomoe kalamu mfukoni awaonyeshe inavyoshikwa. Mzee akaichomoa kwa madaha, akaibana katikati ya vidole viwili kama sigara. Fundi Bomba alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akapewa kalamu yeye. Akaikamata kwa ngumi.

Kinyozi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga alikuwa amekaribishwa kikombe, amekaa kwenye ncha ya benchi akiwasikiliza.

— Samahanini, baba zangu, alisema. Mtoto mwenyewe anapenda kuandika nini?

Bwana Muhtasari aliichukua kalamu yake, akairudisha mfukoni. Fundi Bomba akajifanya anatafuta sukari.

— Sijui, alisema Kinyozi. Sijamuuliza.

Mchana alifunga duka, akaenda nyumbani. Alimkuta bintiye amechuchumaa nyuma ya jiko, anachora kwenye ukuta mweupe kwa kipande cha mkaa kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa kidogo mno kwa ngumi. Alikishika kwa gumba na kidole cha shahada, kikaegemea kidole cha tatu, na mkono ulikuwa mwepesi kabisa. Siku nyingine angegombezwa kwa kuchafua ukuta. Leo baba alichuchumaa pembeni yake.

— Nani hawa, mwanangu?

— Huyu wewe, unanyoa.

— Na hawa wawili?

— Wa kwenye benchi.

— Mbona midomo iko wazi?

— Hawanyamazi.

Kinyozi aliingia ndani, akaikata penseli hadi ikawa fupi kama kidole cha mwisho cha mtoto, akaichonga vizuri, akarudi kwa mtoto.

— Jana nilikuumiza, alisema. Sitakushika tena kwa nguvu.

Akaiweka chini, kando ya mtoto. Mtoto aliitazama, akamtazama baba, akarudi kwenye mkaa wake. Baba hakuondoka. Baada ya muda mtoto aliichukua ile penseli kwa vidole vitatu, bila kuambiwa, akaanza kumchorea Bwana Muhtasari wa ukutani meno, moja moja, na hakuna lililopinda.