Mama Edisa Kabugho na Zamu ya Mzigo wa Mbali

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Edisa Kabugho, msimamizi wa ghala letu la Kasese, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wenzangu wameniomba nimwandikie maneno haya kwa kuwa nimeketi karibu naye katika chumba cha kompyuta tangu mashine ya kupanga mizigo ilipofika, na nimemsikia akicheka, akikasirika na akifikiri kwa sauti.

Alitoka kwao Ibanda akiwa msichana, akaajiriwa kama karani wa kuhesabu magunia. Siku hizo kila kitu kiliingia na kutoka kwa mabega ya watu. Baadaye akawa mkuu wa zamu, kisha kampuni ikampeleka Kampala kusomea usimamizi wa maghala. Alirudi na cheti, na pia na mazoea ya kunywa kahawa bila sukari, jambo ambalo hapa ofisini hatujalielewa hadi leo.

Mwaka 2018 ililetwa winchi inayotembea yenyewe kwenye reli, katikati ya rafu zilizopanda hadi darini, ikiweka na kutoa mizigo kwa amri ya kompyuta. Makuli waliipa jina la Afande, kwa sababu ilipita bila kumsalimu mtu na kila mmoja aliipisha. Mama Edisa alilipenda jina hilo, lakini kazi yake Afande haikumridhisha. Mzigo uliwekwa popote palipokuwa wazi. Chumvi, sabuni na unga, vinavyotoka kila siku, vilikaa mwisho kabisa wa rafu, huku vitu vya kukaa miezi vikijaa karibu na mlango. Isitoshe, winchi ilikwenda na mzigo na kurudi mikono mitupu.

Yeye na Huzaifa, fundi wetu wa kompyuta, walikaa wiki kadhaa wakiipanga upya kazi hiyo. Mizigo inayotoka sana ikasogezwa mlangoni. Kila winchi ilipokwenda kuweka kitu, ilirudi na kingine kinachotakiwa kutoka. Mwisho wakaiagiza kompyuta itangulize safari fupi. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni hadi barabara ya Fort Portal sasa yalijazwa kabla dereva hajamaliza chai. Wageni walikuja kutazama, nasi tukatembea vifua mbele.

Kisha akaja Benedicte, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeishi Bwera. Alikuja kuchukua vyerehani alivyowaagizia kina mama waliokimbia vita huko Beni, ng'ambo ya mpaka, na kuhamia Bwera. Walikuwa wameahidiwa kazi ya kushona sare za shule moja, mradi waanze kabla ya muhula kufunguliwa. Vyerehani vyake vilikuwa juu kabisa, mwisho wa rafu. Kila ilipokaribia zamu yake, liliingia lori la sabuni lenye safari fupi, na kompyuta ikamrudisha nyuma. Ilimtendea hivyo mchana kutwa. Lori alilokodi lilichoka kumngoja, likaondoka.

Jioni Mama Edisa alimkuta ameketi nje ya geti.

“Mama, mashini yenu iko mbio, naona,” Benedicte alimwambia taratibu, kwa Kiswahili cha kwao Butembo. “Mizigo ya batu inatoka, yangu hapana. Na bale bamama beko bananingoja.”

Vyerehani viliondoka kesho yake, lakini kwa kuchelewa huko fundi mwingine alikuwa amepewa nusu ya sare hizo. Mama Edisa alikwenda Bwera mwenyewe kuwaomba radhi wale kina mama. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa meneja wetu, Bwana Thembo, kuomba ile amri ya safari fupi ibadilishwe.

“Lakini wastani yetu ya kungoja ni nzuri,” meneja alisema. “Mtu moja tu ndiye alikawia.”

“Benedicte hakungoja wastani,” Mama Edisa akamjibu. “Alingoja mpaka geti likafungwa.”

Walikubaliana ajaribu kwa mwezi mmoja. Mzigo uliongojewa muda mrefu ungetangulia, hata kama uko mbali. Huzaifa alimwonya: “Madamu, tukifanya hivi, mizigo ya kila saa itapungua.” Ikapungua kweli. Malori yakaanza tena kupanga foleni, madereva wakanuna, na wengine wetu tukanong'ona kwamba Mama amejiharibia jina miaka michache kabla ya kustaafu. Nilimwona siku moja amesimama dirishani, akitazama foleni ile, kahawa yake ya mchana ikipoa mezani. Hakuomba kurudishwa kwa amri ya zamani.

Badala yake aliuliza winchi inafanya nini jioni geti likishafungwa. Haikuwa inafanya kitu. Basi akapatana na tawi letu la Bwera wawe wanatupigia simu kila alasiri kusema nani atakuja kesho. Jioni winchi ikashusha mizigo ya mbali ya watu hao na kuisogeza mlangoni. Asubuhi safari zote zikawa fupi, za mwenye lori kumi na za mwenye boksi moja. Kabla mwezi haujaisha, foleni ilikwisha, na Bwana Thembo akaja mwenyewe chumbani kwetu kumpa mkono.

Ndivyo tunavyofanya kazi hadi leo, na ghala la Katunguru limeiga utaratibu huo. Lakini mimi nikimkumbuka Mama Edisa, nitaukumbuka zaidi ule mwezi mgumu, alipokubali kuonekana ameshindwa kuliko kumsahau mtu mmoja getini.

Kiti chake anakichukua Huzaifa. Kahawa ya shamba lake la Ibanda imeanza kuiva, na binti yake amehamia jirani na watoto wawili ambao, tunasikia, hawajui kukaa kimya. Mama Edisa, asante kwa kazi na kwa uvumilivu wako kwetu. Mungu akupe afya, mavuno na usingizi mzuri. Nenda salama, nasi tutajitahidi kuwatunza wanaobisha hodi getini kwako.