Mwalimu Mpaka Getini

Ndugu, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, mlio ndani na ninyi mliokosa viti mkaegemea ukuta, wakubwa shikamooni, mimi ni binti pekee wa marehemu, wa kusoma hapa alikuwa mjomba lakini sauti imemkauka tangu juzi, akanisukumia karatasi, kwa hiyo nikienda mbio nivumilieni, watu ni wengi na mimi ni mwoga.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi mwaka 1975 hadi 1981, sekondari ya bweni 1982 hadi 1985, kisha chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1988, na tarehe 16 Januari 1989 akaripoti kazini kwenye shule ile ile aliyosoma, hii ya nyuma ya soko, akapewa darasa la kwanza, na hilo darasa hakuliachia tena, walipotaka kumpandisha cheo aliwaambia ofisini hakuna wa kufundishwa kushika penseli.

Kazi yake wengi mnaijua kwa jina mlilompa nyuma ya mgongo wake, Sema Tena, na msidhani hakulijua, alilijua vizuri sana. Mtoto wa wiki ya kwanza hujisahau, ananyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda chooni, neno linamtoka, mama, darasa zima linaangua kicheko, naye hakucheka wala hakukaripia, alisema tu, mama yuko nyumbani, mimi ni Mwalimu, sema tena, na aliyecheka alisimama mpaka mwenzake arudi kutoka chooni. Alitaka wanafunzi wasimame, wasalimu, wamwite Mwalimu, si kwamba alijiona mfalme, hapana, alisema mama wa mtu ni mmoja na yeye hataki kumwibia mwanamke mwenzake cheo.

Baba alikuwa fundi umeme, mwaka 1994 aliitwa shuleni kutengeneza kengele, akamwita dada mbele ya watoto, akajibiwa humu ndani ni Mwalimu, baba naye hakuwa mjinga, alikunja waya zake akaenda kumngoja nje ya geti, huko akamwita dada tena, akaitikiwa, wakafunga ndoa tarehe 16 Desemba 1995, na baba alitutangulia tarehe 3 Mei 2014.

Walijaliwa mtoto mmoja, ndiye mimi, tarehe 2 Februari 2000, na mwaka 2007 nikaingia darasani kwake. Asubuhi tulitoka nyumbani tumeshikana mikono, tukifika getini anauachia wangu, kuanzia hapo ni Mwalimu. Siku moja nikamwita mama, tena kwa kujiamini kabisa, maana kama ni mama si ndiye huyu, wenzangu wakacheka, naye akanitazama kama anavyotazama mtoto yeyote, mama yuko nyumbani, sema tena, nikasema tena huku kamasi zinanishuka. Mchana tulipovuka geti akanishika mkono, akainama, akaniuliza, haya mwanangu, ulikuwa unataka kumwambia nini mama?

Tarehe 5 Agosti mwaka jana chaki ilianza kumdondoka, siku hiyo hiyo akalazwa, daktari akatueleza ni kiharusi, mkono wa kulia ukawa mzito na maneno yakawa yanamtoka nusu nusu, na mjukuu wake, mwanangu wa miaka sita, ndiye aliyekuwa anakaa kitandani kwake akimwambia, bibi, sema tena. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani wakawa wanafanya mazoezi ya shule barazani, mtoto anabisha hodi, anasimama, shikamoo Mwalimu, halafu anasahau anamwita bibi, naye kwa ulimi ule mzito anamwambia bibi yuko nyumbani, mtoto anamjibu, kwani hapa ni wapi? Hapo, jamani, Sema Tena mwenyewe alicheka. Tarehe 30 Desemba alfajiri kiharusi kilirudi, hatukuwahi kufika hospitali.

Hili halipo kwenye karatasi ya mjomba lakini nalisema. Mwanangu anaanza darasa la kwanza tarehe 12 mwezi huu, chumba kile kile, na tangu azaliwe, kila bibi yake alipotoka shuleni ndiye aliyemlea, hajui Mwalimu mwingine, juzi ameniuliza, Mwalimu amekufa, sasa shule si imefungwa? Tangu hapo silali vizuri. Mwalimu uliyepokea darasa lake, nakuona hapo karibu na mlango, sikufahamu sana, naomba unisamehe kukusemesha mbele za watu. Atajisahau, atakuita bibi, hakosi. Wenzake wasimcheke. Na usimwambie bibi yuko nyumbani, maana hayupo, mwambie tu sema tena, hayo maneno anayajua, atasimama vizuri na atakuita Mwalimu, amefundishwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, jirani yetu mshonaji aliyekuja kumgeuza kitandani kila nilipokuwa kazini, mwenye gari aliyetupakia ile alfajiri bila kuuliza, mwalimu mkuu na walimu wote, na wanafunzi mliojipanga asubuhi hii jeneza lilipopitishwa shuleni, mkasimama kimya bila kuambiwa na mtu.

Gari lilipotoka pale nilikuwa nimeshika mpini wa jeneza, upande wa mkono wake wa kulia. Geti tumeshalivuka, Mama. Kapumzike kwa amani.