Kwa Mama Nyanut, Mlezi wa Nyungunyungu

Mheshimiwa mgeni rasmi kutoka ofisi ya kaunti. Abuna, uliyetufungulia kwa sala fupi kuliko tulivyokuzoea. Mzee Gaetano, mwenyekiti wa wauza mboga. Dada yetu na mwalimu wetu, Mirembe. Akina mama wa kikundi. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi vijana wa bodaboda mliozima pikipiki langoni mliposikia harufu ya pilau: nawasalimu nyote kwa heshima, na pilau ipo.

Mimi ni Awien, katibu wa kikundi. Nimepewa dakika kumi nizungumzie banda tunalolifungua leo hapa Juba, nyuma ya soko la Konyo Konyo, banda la kufugia nyungunyungu na kutengenezea mboji. Hayo nitayasema. Lakini kuna mama ameketi mstari wa mbele, mwenye nguo ya bluu, ambaye hajanitazama tangu nisimame. Huyo ni mama yangu mzazi, Mama Nyanut. Jumatatu amepanga kupanda gari la Bor, na hana nia ya kurudi. Sababu ni mimi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hotuba yangu ina kazi mbili, na kwa hiyo ya pili naomba ruhusa yako. Ndugu Manyang amekaa ubavuni mwa mama kumtafsiria kwa Kidinka. Manyang, usitie chumvi, wala usipunguze neno.

Mnaukumbuka uwanja huu ulivyokuwa mwaka juzi? Maganda ya ndizi, makabichi yaliyooza njiani kutoka Uganda, majani ya mananasi, lundo kubwa hata watu wakalitumia kuelekezana: pita lundo, kata kushoto. Nani kati yetu hakuwahi kuziba pua hapa? Tangu amani isainiwe watu wamerudi kwa maelfu, wanakula, Mungu ashukuriwe. Lakini nani alijiuliza maganda yataenda wapi? Aliyejiuliza ni Mirembe, muuza matoke, kwa sababu lundo lilikuwa linamkaribia mezani kwake.

Mirembe alikuwa amejifunza kazi hii kwao Masaka. Akasafiri, akarudi na nyungunyungu wekundu ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Mpakani ofisa akamuuliza amebeba nini. "Mimi iko na wadudu ya kutengeneza udongo," akajibu. Ofisa akafunua, akachungulia, akafunika, akamwambia apite upesi kabla chakula cha mchana hakijaletwa. Hakuna mzigo uliowahi kuvuka Nimule kwa haraka namna ile!

Ndoo ikaletwa kwangu, mtaa wa Juba Na Bari, kwa kuwa uani kwangu kuna kivuli. Tukachimba shimo la kina kifupi, tukaweka samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, vipande vya mgomba na maganda, tukawamwaga nyungunyungu, tukafunika kwa magunia yenye unyevu. Ofisi ya soko ikatuahidi kwamba tukionyesha mboji ya maana kabla mvua hazijaisha, uwanja huu utakuwa wetu. Tukishindwa, utakuwa wa kuegesha malori ya maji. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na ndoo moja.

Mwezi huohuo mama alinifikia. Vita vilitutenganisha nikiwa na miaka saba. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, baadaye Eldoret, kwenye madawati na uji wa shule. Yeye alibaki Bor na ng'ombe. Siku aliposhuka garini tulikumbatiana, tukalia, halafu tukakaa kitandani tukitazamana, hakuna aliyejua amuulize mwenzake nini. Wiki ya tatu malaria ikanilaza. Mbu wa mtoni mnawajua, hawabishi hodi. Mama akawa ananifuta jasho na kuzunguka ua akitafuta la kufanya.

Akaona magunia. Akafunua. Sasa, ndugu zangu, wale mliokulia kambi za ng'ombe mnajua: samadi haifichwi. Samadi hutandazwa juani, hugeuzwa kwa mikono mpaka ikauke, jioni hukusanywa na kuwashwa, ikafuka moshi taratibu, mbu wakahama, watu na ng'ombe wakapumzika. Mama aliona samadi nzuri imefukiwa na kuloweshwa maji na watu wasio na akili. Akaitoa yote. Akaitandaza. Kunguru wa Juba Na Bari wakala karamu ambayo watoto wao wanasimuliwa hadi leo. Siku ya pili jioni akaikusanya mbele ya dirisha langu, akaiwasha.

Nililala kuliko nilivyopata kulala tangu nije Juba. Sikuumwa na mbu hata mmoja.

Asubuhi Mirembe na akina mama walikuja zamu yao, wakakuta majivu. Nami nikatoka, homa imeshuka, nikaona majivu yale meupe na mama amesimama karibu nayo akitabasamu, akisubiri nimwambie asante. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, mimi katibu, mbele ya wanawake kumi na mmoja, nilimnyooshea mama yangu kidole, nikasema: "Msameheni, huyu ni mtu wa porini, hajui kitu."

Nilisema kwa Kiswahili ili asielewe. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa zaidi, kwamba nilichagua lugha. Lakini kidole hakina lugha, na mama akamwendea Manyang kumuuliza maana ya maneno yale. Manyang ni mtu wa kanisa, hakumdanganya. Tangu siku hiyo, miezi mitano sasa, mama hajanitamkia neno. Chakula ananiwekea. Nguo zangu zikianikwa na mvua ikaja, anazianua. Neno, hapana.

Nilidhani ataondoka kesho yake. Hakuondoka. Alipogeuza kipande cha mgomba kilichobaki shimoni, chini yake palikuwa na unyevu, na kwenye unyevu palikuwa na nyungunyungu hai, labda arobaini. Akawaokota mmojammoja, akawatia kwenye kibuyu chake cha maziwa. Mnajua Mdinka kutoa kibuyu cha maziwa ni kutoa nini? Kisha kila alfajiri akawa anatembea hadi kwa wafugaji walio nje ya mji, kwa sababu ng'ombe wa mjini, alimwambia Manyang, wanakula karatasi. Alichagua samadi ya ng'ombe waliokula majani, akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko kupima joto, akaikamua kiganjani kuona kama inatoa tone au mchirizi. Mirembe ana cheti, nimekiona kwa macho yangu, kina muhuri. Naye ndiye aliyemimina samadi mbichi kwenye shimo la pili, ikachemka na kuua nusu ya nyungunyungu alioagiza upya. Mirembe, usiiname, malesh, yaani samahani, tunapendana. Ni wewe mwenyewe uliyesema mbele ya kikundi, "Huyu mama anajua mavi kuliko mwalimu yangu."

Kibuyu kikajaa, kikahamia kwenye beseni, beseni likahamia shimoni, shimo likawa mashimo matatu. Lundo mlilokuwa mnaelekezana kwalo limekwenda wapi? Limeliwa. Limekuwa udongo mweusi, hauna harufu, na sukuma wiki mtakayokula leo na pilau haikupanda lori wala haikuiona Nimule. Imeota mtoni pale, kwenye mboji ya mama huyu. Ofisa wa soko alipokuja kukagua alishika ule udongo, akaunusa, akauliza fundi ni nani, na sisi sote tukamwonyesha mtu mmoja.

Kikundi kimepiga kura. Tunataka Mama Nyanut awe mlezi wa banda hili, ufunguo ukae kwake. Amekataa. Amemwambia Manyang kwamba kazi aliyoharibu ameitengeneza, deni lake limekwisha, sasa anarudi kwa watu wasiomwonea haya.

Akina mama wameniuliza kwa nini nisiongee naye nyumbani kwa lugha yetu. Nimeongea. Nimepiga magoti mara tatu. Anaendelea kuosha sufuria. Juzi ndipo nikaelewa: nilimvunjia heshima mbele za watu, sasa namwomba samahani chumbani? Nilitamka kwa Kiswahili, basi nafuta kwa Kiswahili, mbele ya walewale waliosikia, na mbele ya mkubwa wa kaunti.

Mama, wewe si mtu asiyejua kitu. Uliunguza samadi yetu kwa sababu mwanao alikuwa anaumwa na mbu, na mimi niliyepata usingizi ndiye niliyekutukana. Nilikukosa miaka kumi na tano, nikakupata, nikakuonea haya mbele ya wageni kwa sababu ya ndoo. Nimekosa. Nakupenda, na sitaki uende. Manyang, hilo la mwisho rudia mara mbili.

...

Ngojeni kidogo, Mheshimiwa. Mama anasema. Hapana, Manyang, kaa, hiki nimekisikia mwenyewe.

Wageni mnaouliza, amesema hivi: "Awien, Jumatatu uamke mapema twende wote kwa ng'ombe. Samadi uliyoleta jana ni mbaya. Wewe ni mtu wa mjini, hujui kitu."

Cheka tu, Mzee Gaetano, nami nacheka, machozi haya msiyajali. Nilikuwa na karatasi mbili nyingine hapa za shukrani, Mirembe atazisoma. Mmenipa masikio yenu kwa subira, asanteni sana. Abuna, mpelekee mama ufunguo, mimi nafuta macho kwanza.