Siku Nilipochoma Ngitili Yetu

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa kupaza sauti. Mimi si mtu wa kupaza sauti. Nitaeleza kama ilivyokuwa, utukufu atauchukua Mwenyewe.

Kwetu ni Samuye. Ngitili mnaijua, ni malisho tunayoyafunga mvua zikiisha ili nyasi zisimame, ng'ombe wapate cha kula kiangazi kikikaza. Anayeichoma hufikishwa mbele ya dagashida, baraza letu la kijiji, na hutozwa. Mume wangu, Baba Kulwa, ni mzee wa baraza hilo. Ametoza watu wengi, na hakuwahi kumhurumia hata shemeji yake.

Kiangazi kilichopita nilimpelekea chakula huko ngitilini alikokuwa akichunga ng'ombe. Moshi ulionekana mbali, tukaudharau, maana kiangazi hakikosi moshi. Tulipomaliza kula ulikuwa umeziba upande mzima. Ndugu zangu, moto mdogo hufuata upepo, lakini ule mkubwa hujitengenezea wake. Vinga viliruka juu ya njia pana ya ng'ombe tuliyoitegemea, na kila vilipoangukia pakawaka. Katikati niliona miali ikizunguka na kupanda juu, kama vumbi linavyozunguka uwanjani mchana. Ng'ombe walishakimbia. Nyuma yetu zilikuwa nyasi tupu hadi kwenye miamba, na kwa goti lake bovu Baba Kulwa asingefika. Niliogopa sana, nilijua nitamzika kama si kuzikwa naye.

Ghafla upepo ukaanza kutupiga mgongoni, ukielekea motoni. Baba Kulwa akafurahi.

"Unaona? Unausukuma urudi."

Mimi nimechoma matofali miaka mingi. Tanuru likikolea huvuta hewa mdomoni, hata jani ukilisogeza linaingia ndani. Nikajua moto ule haurudi popote. Ulikuwa unavuta pumzi, na bado unakuja.

Nikamwambia Mungu, "Baba, tusaidie." Sikuwa na sala ndefu. Wazo likanijia papo hapo, kwamba hewa inayovutwa itavuta na mwali nitakaouwasha mimi. Nikatoa kiberiti kwenye kapu, kile cha kupashia chai, nikainama.

Akanishika mkono. "Mama Kulwa, una wazimu? Hii ni ngitili! Baraza litasemaje?"

Kifo kiko mbele yetu, ndugu zangu, naye anawaza faini.

"Litasema tukiwa hai," nikamjibu, nikajichomoa, nikawasha.

Mwali ukavutwa mbio kuelekea kwenye moto mkubwa, ukaacha majivu nyuma yake. Nikamburuta tukaingia kwenye majivu yale, tukalala kifudifudi, khanga yangu juu ya vichwa vyetu. Mioto miwili ikakutana, ikasimama kupita mti wowote wa kwetu, kisha mbele yetu ikakosa cha kula. Uliobaki ukatupita kulia na kushoto. Tuliungua nyayo na mikono. Ng'ombe wengine hawakuonekana tena, na hilo linaniuma hadi leo.

Baraza lilipokaa, ilikuwa kazi ya Baba Kulwa kumtaja mkosaji. Akasimama kwa fimbo yake. "Aliyechoma ni mke wangu," akasema. "Namshtaki kwa sababu nipo hai kumshtaki."

Watu walicheka, na mbuzi tukatozwa, maana sheria ni sheria. Jioni, akimfunga kamba mbuzi huyo ili ampeleke, mume wangu akaniambia, "Wabeja." Ni asante ya Kisukuma. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia neno hilo likija upande wangu. Niliingia jikoni nikalia.

Namshukuru Mungu aliyetutoa mle. Nawe uliyezingirwa leo na jambo usiloliweza, mtumaini Yeye, husikia hata ombi fupi. Ila akikujibu kupitia mtu wa nyumbani mwako, ndugu yangu, mwachie mkono.